Programu ya simu na mifumo ya kampuni: uunganishe moja kwa moja, ujenge tabaka lako, au ununue jukwaa?

Kampuni nyingi za usambazaji hufikia swali hili zikiwa tayari na mifumo mitatu au minne isiyojuana. Hesabu ziko kwenye Tally, ndani ya kompyuta ya mhasibu. Stoki iko kwenye Odoo. Malipo ya wateja yanaingia M-Pesa kupitia Paybill, na ankara za kodi zinapitia eTIMS, mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kisha mkurugenzi anataka apu: afisa wa mauzo akifika dukani aone deni la mteja, aangalie kama mafuta ya lita ishirini yapo ghalani, apige oda, mteja alipe hapo hapo na ankara itoke.

Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo uliotengenezwa kwa kuifikiria apu hiyo. Tally huzungumza XML. Odoo ina XML-RPC na JSON-RPC. Daraja, API ya Safaricom (yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuzungumza na M-Pesa) iliyofunguliwa mwaka 2017, hutumia JSON kwa mtindo wa REST. Wenye SAP, mfumo wa kampuni kubwa, watakutana na OData. Kila mmoja una lugha yake, namna yake ya kuingia na tabia yake unapochoka.

Tuseme kampuni yetu inasambaza unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Ghala liko Changamwe, Mombasa, na maafisa thelathini wanazunguka maduka kuanzia Kongowea hadi Mtwapa. Nitalinganisha njia tano za kuiunganisha apu yao na mifumo ya nyuma, ila sitazigawia nafasi sawa. Baadhi hazifai kampuni ya ukubwa huu, na hizo nitazipitia mbio.

Kigezo changu cha kwanza si bei wala kasi. Apu ikishaingia kwenye simu ya mtu, huna uwezo wa kuirudisha. Seva utaibadilisha usiku wa Jumamosi, na Jumatatu hakuna atakayejua. Apu, hapana. Kuna afisa ambaye simu yake imejaa picha na Play Store inakataa kusasisha chochote. Kuna mwingine anayesubiri Wi-Fi ya ofisini kwa sababu bando analinunua kwa pesa zake. Miezi mingi baada ya kutoa toleo jipya, bado utaona maombi yanayotoka kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza swali moja: kampuni ikiiacha Tally kesho na kuhamia mfumo mwingine wa hesabu, ni simu ngapi zitaharibikiwa?

Apu kuunganishwa moja kwa moja na kila mfumo

Ndiyo njia anayoianza fundi mwenye haraka. Apu yenyewe inaita Odoo kwa ajili ya stoki, inaita Daraja kwa ajili ya malipo, na kwa deni la mteja inafika hadi Tally. Onyesho la kwanza mbele ya mkurugenzi hupendeza, na bei ya kuanza ni ndogo kuliko zote.

Matatizo yanaanzia kwenye siri. Daraja hukupa jozi ya funguo ambazo kwazo unaomba tokeni ya kuingilia, na tokeni hiyo hudumu sekunde 3599, yaani saa moja kasoro sekunde. Ukiziweka funguo zenyewe ndani ya apu, umezigawa kwa kila aliyeipakua. Faili ya APK, ile inayoiweka apu kwenye simu, hufunguliwa kwa zana za bure kama apktool, na maandishi yaliyofichwa ndani yake husomeka. Neno la siri la Odoo nalo litakutwa papo hapo.

Halafu kuna STK Push, ombi la malipo linaloleta kidirisha cha PIN kwenye simu ya mteja. Ukiomba malipo, Daraja hujibu mara moja kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe, kama mteja ameweka PIN, ameghairi au hana salio, hutumwa baadaye kwenye anwani ya HTTPS uliyoitaja ndani ya ombi. Simu iliyo mfukoni mwa afisa pale Kongowea haina anwani kama hiyo. Lazima pawe na seva yako mahali fulani, upende usipende.

Na Tally ndiyo inayoizika kabisa njia hii. Hupokea XML kwa HTTP, kwa kawaida kwenye poti 9000, na hujibu pale tu ambapo programu imefunguliwa na vitabu vya kampuni husika vimepakiwa. Mhasibu akizima kompyuta saa kumi na moja jioni, madeni ya wateja wote yanatoweka kwenye simu za maafisa. Kuifungulia poti hiyo intaneti nzima ili simu ziifikie ni jambo ambalo sitalijadili kama chaguo.

Jibu la swali letu: Tally ikiondoka, simu zote thelathini zinaharibikiwa, na zitaendelea hivyo hadi kila mmoja asasishe apu yake.

Tabaka lako mwenyewe katikati

Hapa unaandika programu ndogo inayokaa kwenye seva, kati ya simu na mifumo yote. Simu zinaijua anwani moja tu. Hazijui kama kuna Tally wala Odoo. Zinajua mteja, bidhaa, oda na malipo. Tabaka ndilo linalojua kwamba deni hutoka huku na stoki hutoka kule. Mtindo unaotumika zaidi ni REST, ambao Roy Fielding aliueleza katika tasnifu yake ya mwaka 2000, na sababu kubwa ya kuuchagua ni ya kawaida mno: kila fundi utakayemwajiri anaujua.

Thamani yake inaonekana kwenye skrini moja tu ya "Maduka ya leo". Rekodi ya mteja katika Odoo ina sehemu nyingi: lugha yake, kundi lake la bei, akaunti yake ya mapato, tarehe rekodi ilipoundwa na nani aliiunda. Afisa anahitaji jina la duka, mahali lilipo, simu ya mwenye duka, deni na oda ya mwisho. Ukimpitishia kila kitu kama kilivyotoka Odoo, kwa maduka arobaini kila asubuhi, unamlia bando kwa habari asizoziona. Tabaka huchagua hizo tano, hulibana jibu kwa gzip, na huliwekea alama ya ETag ili kesho, kama hakuna kilichobadilika, lirudi jibu tupu la 304.

Suala la Tally pia linatulia. Tabaka huchota madeni kila baada ya muda mfupi wakati ofisi iko wazi, na huhifadhi nakala. Jioni simu zinapata nakala hiyo. Sharti langu hapa ni dogo ila silegezi: skrini iandike wazi "Deni kufikia saa 10:45 jioni". Afisa anayeonyeshwa namba ya zamani kana kwamba ni ya sasa atagombana na mteja, na mteja ndiye atakayekuwa na haki.

Oda nazo zinataka akili. Mtandao ukiwa mzito afisa hubonyeza "Tuma", anaona gurudumu linazunguka, anabonyeza tena, na tena. Kila oda ipewe kitambulisho cha pekee na simu yenyewe kabla haijatumwa, na tabaka likatae kuandika kitambulisho kile kile mara mbili. Bila hilo ghala litapakia katoni za sabuni mara tatu kwa duka lililotaka mara moja. Njia hiyo hiyo ndiyo inayokuruhusu kuweka oda kwenye simu pale ambapo hakuna mtandao kabisa, kisha zitumwe zenyewe baadaye bila hofu ya kurudiwa.

Kuna mtindo unaoitwa BFF (Backend for Frontend), uliopata umaarufu kutokana na kazi ya SoundCloud, ambapo kila aina ya apu hupewa tabaka lake la pekee. Ni wazo zuri kwa wenye apu nyingi. Ukiwa na apu moja, tabaka lako la kwanza tayari ni BFF. Usikubali kuuziwa la pili.

Ubaya wake ni kwamba mlango ukiwa mmoja, ukifungika umefungika kwa wote. Cheti cha HTTPS kikiisha muda bila mtu kukumbuka, simu zote thelathini zinanyamaza papo hapo. Na tabaka ni programu yako, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kulitunza mwaka wa pili na wa tatu, si wakati wa kujenga tu. Faida iliyojificha ni ya kisheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina yake ya 2022; mtu akiuliza nani aliona taarifa za mteja fulani, una daftari moja la kumbukumbu la kuangalia badala ya manne.

Tally ikiondoka? Hakuna simu hata moja inayoguswa. Unabadilisha sehemu moja ya tabaka, basi.

Tabaka la GraphQL

Facebook waliianza GraphQL mwaka 2012 kwa ajili ya apu zao za simu, wakaitoa huria, yaani msimbo wake wazi kwa wote, mwaka 2015. Badala ya seva kuamua jibu liwe na nini, apu huandika yenyewe inachotaka: jina, deni na oda ya mwisho, na inarudishiwa hivyo hivyo kwa safari moja. Kwenye mtandao wenye kusuasua, safari moja badala ya nne ni nafuu ya kweli.

Inashinda REST kwenye jambo ambalo watetezi wake hawalisemi vya kutosha. Kwa kuwa kila ombi hutaja sehemu inazozihitaji, unaweza kuona kwenye kumbukumbu kwamba sehemu fulani bado inaombwa na toleo la mwaka jana, na ukajua usiiondoe. Kwa tatizo letu la apu zisizosasishwa, hiyo ni zawadi.

Lakini ina gharama zake. Maombi kwa kawaida huenda kwa POST, namna ya kutuma data badala ya kusoma tu, kwenye anwani moja, kwa hiyo ile hila rahisi ya 304 haifanyi kazi bila maandalizi ya ziada. Kosa mara nyingi hurudi likiwa na hali ya 200, kana kwamba mambo ni shwari, na mfumo wako wa kufuatilia hitilafu lazima ufundishwe upya. Swali moja lenye orodha ndani ya orodha linaweza kuita Odoo mara mia bila fundi kujua, tena mteja mwenye nia mbaya anaweza kuliandika kwa makusudi ili kuiangusha seva. Yote yana dawa. Dawa zinataka mtu anayezijua.

Lango la API

Hapa ndipo wauzaji huwachanganya watu zaidi. Kong, iliyotolewa huria mwaka 2015 na kujengwa juu ya NGINX, programu ya seva; WSO2, ya kampuni iliyoanzia Sri Lanka, nayo huria; na Apigee, iliyonunuliwa na Google mwaka 2016: zote ni malango. Lango hukagua tokeni, huhesabu maombi na kumzuia anayezidisha, huandika kumbukumbu, na huelekeza ombi la stoki huku na la malipo kule. Ni askari wa getini: anaangalia kitambulisho chako, lakini hajui ni mafaili gani umeruhusiwa kuyafungua ukishaingia ofisini.

Mfano halisi wa pengo hilo ni huu. Mwenye duka ameingia kwenye apu kihalali na anaangalia ankara namba 1041. Anabadilisha ombi liwe 1042, na anaona ankara ya jirani yake, bei aliyopunguziwa na deni alilonalo. Tokeni yake ni halali, lango limempitisha. OWASP, jumuiya inayofuatilia usalama wa programu, iliuweka udhaifu huu nafasi ya kwanza katika orodha yake ya hatari za API mwaka 2019, na ikaurudisha nafasi ile ile mwaka 2023. Dawa yake ni msitari wa msimbo ndani ya tabaka lako unaouliza: ankara hii ni ya nani? Hakuna lango litakalokuandikia msitari huo.

Kwa hiyo lango si mbadala wa tabaka, ni nyongeza mbele yake. Mtu akikuambia "ukinunua hili hutahitaji kuandika chochote", muulize litabadilishaje XML ya Tally kuwa orodha ya maduka ya leo. Mengine yana uwezo wa kubadilisha majibu, ni kweli, ila mantiki ya biashara iliyofichwa ndani ya mipangilio ya lango ni ngumu kuipima na ngumu zaidi kumkabidhi fundi mpya.

Majukwaa makubwa, na yale ya haraka

MuleSoft, ambayo Salesforce iliinunua mwaka 2018, na wenzake, huja na viunganishi tayari vya mifumo mingi. Kwa benki au kampuni ya simu yenye mifumo hamsini, ni busara. GePG, mfumo wa malipo wa serikali ya Tanzania, inaonyesha ni wapi kitovu kikubwa cha namna hiyo kinastahili: upande mmoja taasisi nyingi za umma, upande wa pili benki na mitandao ya simu, na katikati mfumo mmoja unaotoa kontroli namba ili mlipaji alipe popote. Kwa mifumo minne na maafisa thelathini, leseni peke yake itaumeza mshahara wa fundi ambaye angekujengea tabaka.

Firebase na Supabase ziko upande mwingine kabisa. Zinakupa hifadhidata, kuingia kwa watumiaji na arifa ndani ya siku chache. Zinafaa pale ambapo data inazaliwa ndani ya apu. Yetu imezaliwa Tally na Odoo, kwa hiyo bado utaandika programu ya kuihamisha, na sasa una nakala ya tano ya kusawazisha.

Kwa kutazama upesi:

| Njia | Bei ya kuanza | Tally ikiondoka | Mtandao mbovu | Mtu wa kuitunza |
|---|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | Ndogo | Simu zote | Mbaya | Fundi wa apu, kila mara |
| Tabaka la REST | Ya kati | Hakuna | Nzuri ikipangwa | Fundi mmoja wa seva |
| Tabaka la GraphQL | Ya kati kwenda juu | Hakuna | Nzuri sana | Fundi mwenye uzoefu nayo |
| Lango peke yake | Ndogo hadi kubwa | Simu nyingi | Haibadilishi kitu | Msimamizi wa mitambo |
| Jukwaa kubwa | Kubwa | Hakuna | Hutegemea ulivyopanga | Timu, au mkandarasi |

Jaribu kila njia kwa malipo

Kama huna muda wa kupima yote, pima malipo. Afisa yuko dukani Mtwapa, amebonyeza "Lipa kwa M-Pesa", kidirisha cha PIN kimetokea kwenye simu ya mwenye duka.

"Mama, weka PIN hapo."

"Nimeshaweka, mwanangu. Na ujumbe wa M-Pesa umeingia, huu hapa."

Lakini apu ya afisa bado inasema malipo hayajakamilika, kwa sababu mtandao wake ulikatika katikati. Apu mbaya inampa kitufe cha kujaribu tena, naye anakibonyeza, na mama analetewa kidirisha cha pili. Apu mbaya ya aina nyingine hufanya kinyume: inaona `ResponseCode` ya 0 katika jibu la kwanza na kuandika "Imelipwa", wakati 0 hiyo inamaanisha tu kwamba Daraja imelipokea ombi. Matokeo ya kweli ni `ResultCode` inayokuja baadaye: 0 pesa imeingia, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 mteja hakupatikana au hakujibu.

Tabaka zuri huhifadhi `CheckoutRequestID`, yaani kitambulisho cha ombi la kwanza, huiambia apu "inasubiri", huzuia ombi la pili kwa oda ile ile, na matokeo yakichelewa, lenyewe huiuliza Daraja kuhusu hali ya muamala. Mwishoni hulinganisha namba ya risiti ya M-Pesa na kilichoandikwa kwenye hesabu. Lango halijui maana ya 1037. Jukwaa kubwa litaijua tu ukiifundisha. Hiyo ni kazi yako kwa njia yoyote utakayochagua, kwa hiyo itengee siku nyingi kwenye ratiba kuliko skrini zote nzuri.

Ningechagua nini

Kwanza, kama mfumo wako ni mmoja tu, tuseme kila kitu kiko Odoo, usijenge chochote. Tumia apu yake au kivinjari cha simu kwa mwaka mmoja, uone maafisa wanalalamikia nini hasa.

Kwa kampuni yetu ya Changamwe ningechukua tabaka la REST, lenye NGINX mbele kwa ajili ya HTTPS na kuzuia maombi yaliyozidi. Anwani zote zianze na `/v1/`, na kanuni ya nyumba iwe kwamba sehemu huongezwa, haiondolewi wala haibadilishwi maana. Kila ombi libebe namba ya toleo la apu. Kumlazimisha mtu asasishe kunawezekana, lakini mpe wiki mbili za onyo. Kumfungia afisa nje ya apu akiwa tayari dukani, bila bando, ni kupoteza oda ya siku hiyo.

Kong ningeiongeza siku ambayo watu wa nje, labda supamaketi inayotaka kupiga oda kutoka mfumo wake, wataanza kuita API yetu, maana hapo kila mshirika atataka funguo zake na kikomo chake. GraphQL ningeifikiria pale ambapo kuna apu tatu, ya afisa, ya mwenye duka na ya dereva, zinazotengenezwa na timu tofauti zinazokwamishana kila zinapotaka sehemu mpya. Kwa apu moja ni uzito wa bure.

Na kabla hujasaini mkataba na mkandarasi yeyote, angalia anwani ya API imesajiliwa kwa jina la nani. Isajiliwe kwa jina la kampuni, na malipo yake ya kila mwaka yatoke kwenye akaunti ya kampuni, sawa na akaunti ya Play Store na ile ya Daraja. Seva utahamisha, fundi utabadilisha, hata msimbo utauandika upya. Anwani imeandikwa ndani ya kila apu iliyokwisha pakuliwa, na mkandarasi akiondoka nayo, hakuna namna ya kuziambia simu hizo zitafute kwingine ila kumpigia afisa mmoja mmoja umwombe asasishe.